Duka Lililofungwa Rafu kwa Rafu

Duka la baiskeli la mji mdogo halina tarehe ya kufungwa. Benki ikifunga tawi hubandika tangazo mlangoni. Duka la baiskeli huhama rafu kwa rafu: leo spoki zinasogezwa pembeni zipishe chupa za oili, mwezi ujao siti zinashushwa ukutani zipishe helmeti, na mwaka ukiisha mwenye duka ni yule yule, mlango ni ule ule, ila baiskeli haimo. Ndivyo mambo yalivyokwenda katika miji ya Kajiado na Kitengela nchini Kenya, na ndiyo maana historia hii ni ngumu kuiandika.

Mji wa Kajiado ulikua kando ya reli ya Konza hadi Magadi, iliyoanza kujengwa mwaka 1911 kwa ajili ya magadi ya ziwani. Mwaka huo huo Wamaasai walitia alama zao kwenye mkataba wa pili, uliowatoa Laikipia na kuwaleta kusini. Nchi ya ng'ombe haikuwa na haja kubwa ya baiskeli. Mchungaji hufuata mifugo porini, na huko gurudumu ni mzigo tu. Baiskeli ilikuwa chombo cha watu wa saa na mshahara: karani, mwalimu, polisi, mfanyakazi wa reli, mwenye kibanda cha sukari na majani chai.

Chombo chenyewe kilikuwa ile baiskeli nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma, na karia nyuma inayobeba gunia bila kulalamika. Watu wakaiita Black Mamba. Ilitoka kwanza Uingereza, kwa Raleigh wa Nottingham, kisha India na China zikachukua soko. Ilikuwa nzito, haina gia, na mlimani ilimlazimu mwenyewe ashuke aisukume. Lakini kila kiungo chake kiliweza kufunguliwa kwa spana mbili tatu, na hilo ndilo lililompa fundi riziki.

Riziki ya pili ilitoka ardhini. Tairi la upepo la baiskeli John Boyd Dunlop wa Belfast alilipatia hataza mwaka 1888, na nadhani hakuwahi kuota kuhusu mgunga wala mbigiri. Kajiado ina vyote viwili. Aliyetoka Isinya kwa njia ya mkato alijua kwamba safari ina nauli yake, nayo hulipwa kwa fundi. Tairi lilichomolewa upande mmoja, tyubu ikajazwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaseme tundu liko wapi. Kisha msasa, kisha gundi. Hapo fundi mwenye subira alitofautiana na mwenye pupa, kwa maana gundi lazima ikauke kidogo kabla ya kiraka kubandikwa. Katika dakika hizo za kungoja ndimo habari za mji zilimopita: bei ya mbuzi, nani anauza shamba.

Na mashamba yaliuzwa kweli. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vikaanza kukatwa ploti. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na viwanda vya EPZ vikasimama Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela. Wafanyakazi wakahitaji vyumba vya bei nafuu, Kitengela ikavijenga. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini humo. Mji wa aina hiyo, tambarare, wenye vibarua wa zamu na shida ya maji ya kuchotwa kwa mitungi, ungekuwa pepo ya baiskeli.

Haukuwa. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, kwa pikipiki ndogo. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikamiminika, na wakopeshaji nyuma yake. Kijana aliyekuwa akibembea na mitungi minne kwenye karia akapiga hesabu, akahama. Hata jina alilipata tayari: bodaboda lilikuwa neno la baiskeli, lililozaliwa miaka ya 1960 mpakani Busia, ambako vijana walibeba abiria kutoka forodha moja hadi nyingine. Kaunti ya Kajiado nayo ina mpaka wake, Namanga, lakini neno lilitoka magharibi, na lilipofika huku aghalabu lilikuwa limeshapata injini. Mwaka 2015 serikali ilipoiwekea pikipiki ushuru wa shilingi 10,000, mkondo ulikuwa hauzuiliki tena.

Barabara nayo ilichangia. Njia kuu ya Athi River hadi Namanga na Arusha ilijengwa upya, na baada yake malori yakaongeza mwendo. Mzazi aliyeona trela likipita kando ya mwanawe hakuhitaji kushawishiwa aiuze baiskeli.

Mbali huko, chemchemi zenyewe zilikauka. Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002. Atlas ya India ilisimamisha kiwanda chake cha mwisho tarehe 3 Juni 2020, Siku ya Baiskeli Duniani, kejeli ambayo mtunzi wa hadithi angeona haya kuibuni.

Fundi wa baiskeli hakutoweka. Alijua beringi, cheni na spoki, na pikipiki ina vyote hivyo. Alichoongeza ni kabureta na plagi. Ishara ya kazi yake ilikuwa tairi kuukuu lililoning'inizwa kwenye mti kando ya barabara. Limebadilika, sasa ni la pikipiki, nene na dogo. Chini yake, likizo za shule zikifika, watoto huja na vijibaiskeli vya mtumba vyenye tyubu zisizo na upepo, wakingoja bodaboda tatu zihudumiwe kwanza.