Saa ya Masafa: Hesabu Ndani ya Manowari

Mwanafunzi akisikia neno mzinga, huenda akafikiria nyuki kwanza, kisha silaha. Manowari nalo ni neno lililotoholewa kutoka jina la Kiingereza la meli ya vita. Katika toleo hili tunapenda kuyakutanisha maneno haya mawili, tuone jinsi mizinga ya manowari za Uingereza ilivyotafutiwa hesabu kabla ya kuja kwa kompyuta.

Karibu na mwaka 1900, mabaharia walifanya mazoezi ya shabaha kwa umbali wa yadi elfu moja au mbili. Mizinga yenyewe iliweza kufika mbali zaidi. Tatizo lilikuwa mwendo. Meli iendayo kilomita 46 kwa saa husogea takriban mita 320 katika sekunde 25 ambazo kombora liko angani. Anayelenga pale alipoiona hupiga maji. Isitoshe, meli yake mwenyewe nayo inakwenda.

Mwaka 1902 John Dumaresq, afisa mzaliwa wa Sydney, alibuni chombo kilichopewa jina lake. Upau mmoja uliwakilisha meli yake, mwingine meli ya adui. Ukishavipanga vyema, kilionyesha umbali unaongezeka au kupungua kwa yadi ngapi kila dakika. Jibu hilo liliwekwa katika saa ya kampuni ya Vickers, ambayo mshale wake ulihesabu yadi. Kasoro ilikuwa moja: kasi ya kubadilika kwa umbali nayo hubadilika, hivyo ilibidi saa irekebishwe kwa mkono kila mara.

Arthur Pollen hakuwa mwanamaji. Alikuwa mkuu wa kampuni ya Linotype, watengenezaji wa mitambo ya kupanga herufi za uchapaji. Yeye na mhandisi Harold Isherwood walitengeneza saa ya Argo, iliyoweza kufuata mabadiliko hayo yenyewe. Afisa Frederic Dreyer naye alibuni meza iliyochora vipimo vya umbali kwenye karatasi. Mwinamo wa mstari ndio uliotoa kasi. Jeshi la Majini lilichagua meza ya Dreyer. Mwaka 1925, tume ya kifalme ya tuzo za wavumbuzi ilimpa Pollen pauni 30,000.

Je, uchaguzi ule uligharimu maisha? Katika vita vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, Waingereza walipoteza manowari tatu kubwa za kasi pamoja na maelfu ya mabaharia. Wanahistoria wangali wanabishana, kwani ukungu, moshi na utunzaji mbaya wa baruti navyo vilichangia.

Kwetu Afrika Mashariki upo mfano wa kinyume. Julai 1915, meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Severn na Mersey ziliishambulia zikiwa zimetia nanga. Mwendo haukuwa tatizo. Miti ndiyo iliyoficha shabaha. Ndege ndiyo iliyowaarifu makombora yalikoanguka.

Walimu wenzetu, jaribuni zoezi hili darasani: mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili tofauti kati ya umbali, kasi ya kubadilika kwa umbali, na kubadilika kwa kasi hiyo. Akiweza kuitofautisha mitatu hiyo bila kukimbilia Kiingereza, ameielewa saa ya Pollen, na lugha yake pia.