Historia ya Dawa za Kuzuia TNF katika Baridi Yabisi

Baridi yabisi ni ugonjwa unaotokea kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Utando laini ulio ndani ya kiungo huvimba na kunenepa, kisha hula gegedu na mfupa, hadi vidole hupinda na mgonjwa hushindwa hata kufunga vifungo vya shati. Kwa miaka mingi madaktari waliutibu bila kujua hasa walikuwa wakizuia nini. Mwaka 1929 Mfaransa Jacques Forestier alitangaza tiba ya chumvi za dhahabu. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alianza kutumia kotisoni, na mgonjwa asiyejiweza akatembea baada ya siku chache. Madhara ya kutumia dawa hiyo kwa muda mrefu hayakuchelewa kuonekana.

Mambo yalibadilika London katika miaka ya 1980. Marc Feldmann, mtaalamu wa kinga, na Ravinder Maini, daktari wa viungo, walichunguza saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Kiungo kilichovimba kilijaa saitokini za kila aina, na wengi waliamini kwamba ukizuia moja, nyingine zitashika nafasi yake.

Jibu lilitoka maabara. Fionula Brennan wa timu yao na wenzake walichukua utando wa viungo vya wagonjwa, wakaotesha seli zake, wakazitilia kingamwili ya kuzuia TNF, mojawapo ya saitokini hizo. Intalukini-1, saitokini nyingine na mharibifu mkubwa wa gegedu, ikapungua sana. Kumbe TNF ndiyo iliyokuwa ikiziamsha nyingine. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1989, ndiyo kiini cha historia yote hii: bila hayo, hakuna ambaye angethubutu kumpa mgonjwa dawa inayozuia saitokini moja tu.

Kingamwili iliyotumika kwa wagonjwa ilibuniwa New York na Jan Vilček na Junming Le, ikaendelezwa na kampuni ya Centocor. Mwaka 1992 wagonjwa 20 waliipata katika hospitali ya Charing Cross, London. Kwa mgonjwa wa katikati ya orodha, viungo vilivyovimba vilishuka kutoka 18 hadi 5 ndani ya wiki sita. Jaribio la mwaka 1994, lenye wagonjwa 73 na kundi la dawa bandia, liliondoa shaka: asilimia 79 ya waliopata dozi kubwa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 8 ya waliopata dawa bandia. Hata hivyo, dawa ilipokwisha mwilini ugonjwa ulirudi.

Marekani iliidhinisha etanasepti, dawa nyingine ya kuzuia TNF, mwaka 1998 na infliksimabu, kingamwili iliyojaribiwa Charing Cross, mwaka 1999 kwa baridi yabisi. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wagonjwa walipata kifua kikuu, kwa sababu TNF ndiyo husaidia kuvifungia vijidudu vilivyolala mapafuni. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza, hatua yenye uzito mkubwa Afrika Mashariki, ambako wengi hubeba vijidudu hivyo bila kuugua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu, dawa ya jamii hiyohiyo, katika orodha ya dawa muhimu.