Mkaratusi wa Australia wenye jina la Italia
Eucalyptus camaldulensis ni mkaratusi wa Australia, unaota kandokando ya mito. Sasa hilo "camaldulensis" limetoka wapi? Italia! Mwaka 1832 mtunza bustani Friedrich Dehnhardt alichapisha jina hilo kutokana na mti uliopandwa kwenye bustani ya Camaldoli, Napoli. Mgeni akabatizwa ugenini.

Kwao, mahali mti ulipoota hukupa fununu ni aina gani. Ugenini fununu hiyo hakuna, na majani pekee hayatoshi: ya mti mchanga na ya mti mzima hutofautiana. Angalia vitumba vya maua, ambavyo mara nyingi kofia yake imechongoka kama mdomo wa ndege, na vijitunda vyenye meno yaliyochomoza. Kwa hiyo ukiulizwa mkaratusi wa shuleni kwenu ni upi, usikimbilie kujibu. Inama kwanza, uokote matunda.