Nyundo, bati na mkono wa fundi: historia ya kunyoosha magari huku kwetu



Kuna swali ambalo wazazi wengi waliokimbia wamenifikishia. Kijana ameacha masomo, minervali haipatikani, na fundi mmoja wa garaji amekubali kumpokea ajifunze kazi ya toleri, yaani kunyoosha na kurudisha mwili wa gari lililopata ajali. Je, hiyo ni kazi ya maana, ama ni kumpoteza mtoto? Nimeona kwamba jibu linaanzia mbali. Kazi hii ina historia yake katika inchi yetu, na historia hiyo inaweza kumsaidia mzazi kuamua.

Kwanza tuelewane. Mekanisie anashughulika na moteri, breki na giaboksi. Tolie anashughulika na bati: mlango uliobonyea, boneti iliyokunjika, paa iliyolala baada ya gari kupinduka. Mimi mwenyewe, kabla ya kushika kalamu, nilipita mwaka mmoja kwa mzee mmoja tolie. Miezi ya kwanza sikupewa nyundo hata siku moja. Nilikuwa ninachota maji, ninakwangua kutu na kusugua kwa msasa mpaka vidole vikapasuka. Siku moja nikamwambia:

“Mzee, nitajifunza lini?”

Akanishika mkono, akauweka juu ya mlango wa gari. “Fumba macho, mwanangu. Pitisha kiganja polepole. Unasikia nini?”

“Sisikii kitu, Mzee.”

“Basi bado. Siku utakaposikia kilima na bonde ambavyo macho hayaoni, siku hiyo nitakupa nyundo.”

Wakati ule nilidhani ananitesa. Baadaye nilifahamu kwamba hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii duniani kote.

Kazi ya chuma haikuletwa huku na Wazungu. Kabla ya wao kufika, wahunzi wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba na kutengeneza misalaba midogo iliyotumika kama mali ya kubadilishana. Na huku mashariki, wahunzi walifua majembe, mikuki na visu. Mtoto hakujifunza kwa kitabu. Alikaa karibu na moto, alivuta mivukuto, alitazama, na baada ya miaka alipewa nyundo. Njia hiyo ya kufundisha, ya kukaa miguuni pa fundi, ndiyo tunayoikuta bado katika magaraji yetu.

Kisha ukaja ukoloni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Mwaka 1911 mapadri Wasalesiani wa Don Bosco walifika hapo na kuanzisha mafundisho ya kazi za mikono. Migodi, reli na barabara vilihitaji watu wa kutengeneza mashine, na kuleta kila fundi kutoka Ubelgiji kulikuwa ghali mno. Kwa hiyo Wakongomani walifundishwa, lakini kwa kipimo. Mwafrika aliweza kushika nyundo na chuma cha kuchomelea, lakini cheo cha mkubwa wa karakana na mshahara wake vilibaki kwa Mzungu. Wengi waliandikwa kama wasaidizi hata kama wao ndio waliomaliza kazi.

Wakati huohuo magari yenyewe yalikuwa yanabadilika. Yale ya kwanza yalikuwa na mwili wa mbao juu ya shasi ya chuma, kwa hiyo aliyeyatengeneza alikuwa nusu seremala. Baadaye bati la chuma likachukua nafasi ya mbao. Kule Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, kulipatikana kichomeleo cha moto wa asetilini na oksijeni, na fundi akaweza kuunga bati jembamba bila kutumia ribiti. Pahali palipobaki na shimo walijaza risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati laini, kisha wakaipiga tupa. Moshi na vumbi la risasi viliwaumiza mafundi wengi. Ni katika miaka ya 1950 tu ambapo mastiki ya plastiki, ile tunayoijua leo, ilianza kuenea.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30. Jambo hilo husemwa mara nyingi, na ni kweli. Lakini mara chache tunasema upande wa pili: inchi ilikuwa na mikono mingi iliyojua kazi. Wazungu wengi walipoondoka kwa haraka, magari hayakusimama yote, kwa sababu wale “wasaidizi” walikuwa wanajua. Kilichokosekana ni karatasi ya kuthibitisha ujuzi wao, na shule ya kuuendeleza. Ndiyo sababu tarehe 29 Juni 1964 serikali iliunda INPP, taasisi ya taifa ya kuandaa watu kwa kazi, ambayo mpaka leo inafundisha katika miji mingi.

Jaribu kubwa lililofuata lilikuja mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba Rais Mobutu alitangaza zairianizasio: biashara na mashamba ya wageni yakapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakuwa watu wa kazi hiyo. Waliuza vilivyokuwemo, na vilipokwisha hawakuagiza vingine. Vipuri vikawa adimu. Hapo ndipo tolie alipogeuka kuwa muumbaji. Palipokosekana mlango mpya, alikata bati la pipa la mafuta akalifua mpaka likachukua umbo la mlango. Kule Kinshasa malori yalijengewa mwili wa kubebea watu, yakaitwa fula-fula. Baadaye gari za mizigo za Mercedes zilitobolewa madirisha, zikawekwa benchi, zikawa taksi. Kazi yote hiyo ilifanywa na matolie wa mitaani na vijana waliokuwa wakijifunza kwao. Ndicho watu walichokiita Article 15: jitegemee.

Halafu miaka ya 1990. Uporaji wa wanajeshi mwaka 1991 na tena mwaka 1993 ulimaliza karakana nyingi kubwa zilizokuwa zimebaki. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Huku Goma, tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ilitapika, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika nyumba, maduka na karakana. Watu walirudi wakakuta jiwe jeusi pahali pa kiwanja chao. Na ninyi mnaonisikiliza mnajua yaliyofuata bila mimi kuyahesabu. Mwezi wa pili mwaka 2025 kambi kubwa zilizouzunguka mji zilivunjwa, na watu waliokwisha kukimbia mara mbili au tatu wakabeba mizigo tena.

Sasa tazameni kitu kimoja katika historia hii yote. Kila mara karakana iliporwa, iliungua au ilifunikwa, kazi ya toleri haikufa. Ilitembea kwa miguu pamoja na watu. Shamba haulibebi mgongoni unapokimbia. Duka haulibebi. Lakini kiganja kilichojifunza kusikia kilima na bonde katika bati kinavuka kila kizuizi, na hakuna mwenye silaha anayeweza kukiomba. Ndiyo maana ninawaambia wazazi: ndiyo, ni kazi ya maana.

Lakini sijamaliza, kwa sababu historia hiyohiyo ina upande unaouma.

Kitu kilichopotea njiani ni utaratibu wa kufundisha. Zamani kijana alijua ataingia lini na atatoka lini. Leo vijana wengi, hasa wa familia zilizokimbia, wanapokewa bila neno lolote kuandikwa. Anafagia, anachota maji, anasugua msasa mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Hapewi chochote, na hafundishwi hatua inayofuata. Huyo hajifunzi kazi, anatumikishwa. Na kwa kuwa ni mgeni katika kartie, hana mjomba wa kumsemea.

Mwanafunzi wa kweli hupanda ngazi, na mzazi anaweza kuzihesabu. Kwanza ni kufungua na kufunga: taa, bampa, milango, vioo. Pili ni kusoma ajali, kujua pigo liliingilia wapi na likaishia wapi, maana bati hunyooshwa kwa kufuata njia ya kurudi: kilichokunjika mwisho hutangulia kunyooshwa. Tatu ni nyundo mkono mmoja na kipande cha chuma kizito kwa nyuma katika mkono mwingine. Nne ni moto: bati lililovutika kupita kiasi linapashwa doa dogo mpaka liwe jekundu, kisha linapozwa kwa kitambaa chenye maji ili lijikaze. Tano ni mastiki, na fundi mzuri anaipaka nyembamba, kwa sababu mastiki nene hupasuka na kudondoka njiani. Mwisho ni rangi. Kijana aliyekaa miaka miwili bila kupita ngazi ya kwanza, mzazi aende aulize kwa heshima kuna shida gani.

Jambo la pili lililopotea linagusa kila mtu anayepanda gari. Magari ya wazee wetu yalikuwa na shasi nzito chini, na mwili ulikuwa kama nguo tu. Lakini tangu Lancia Lambda ya mwaka 1922 na Citroën Traction Avant ya mwaka 1934, watengenezaji walianza kuunganisha shasi na mwili kuwa kitu kimoja. Land Cruiser za kazi bado zina shasi yake peke yake, lakini gari ndogo nyingi za taksi tunazopanda hazina. Katika gari kama hizo bati lenyewe ndilo mfupa. Sehemu ya mbele imetengenezwa ijikunje pole kwa pole wakati wa pigo, ili mtu aliye ndani apone. Fundi akiinyoosha kwa macho tu, akafunika makosa kwa mastiki na rangi inayong’aa, gari linapendeza sokoni, lakini ajali ya pili italipasua kama boksi la karatasi.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei kali. Mzee wangu alikuwa na kamba na timazi. Alichagua alama nne chini ya gari, akavuta kamba kwa msalaba, pembe kwa pembe. Kamba mbili zikitofautiana, gari limepinda, na hapo alirudi kwenye mnyororo na palani iliyofungwa kwenye mti, akavuta tena. Mwenye gari alilalamika kwamba kazi inachelewa. Mzee alimjibu: “Gari ni lako, lakini abiria ni wa watu.”

La tatu ni afya. Vumbi la msasa linaingia mapafuni. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi zina dawa iitwayo isosianati, inayoweza kumletea mtu pumu ambayo haitamwacha. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Chombo cha karbidi na maji kinachotoa gesi ya kuchomelea kinaweza kulipuka kikiwekwa karibu na moto. Tangi la mafuta likichomelewa kabla halijasafishwa vizuri linaua. Mtoto mdogo hana kazi pahali hapo. Na kijana mkubwa apewe miwani, apake rangi penye hewa, na asilale katika chumba kinachowekwa rangi.

Basi tufanye nini? Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataja mkataba wa mwanafunzi wa kazi na inataka uandikwe. Hauhitaji kuwa na kurasa nyingi. Karatasi moja inatosha: jina la fundi, jina la kijana, tarehe ya kuanza, muda wa kujifunza, atakayofundishwa, atakachopewa kwa chakula au usafiri, na sahihi za pande mbili mbele ya shahidi, kwa mfano mkubwa wa avenyu. Kijana naye aweke daftari, aandike kila gari alilolifanyia kazi na alichokifanya. Akikimbia kesho, Mungu aepushe, atafika kwa fundi mwingine akiwa na kitu cha kuonyesha, na hatarudishwa kwenye ufagio.

Na mabinti pia wanaweza. Kiganja kinachosikia bati hakiulizi kama ni cha mvulana ama cha msichana.

Kwa mafundi wetu ninasema kwa heshima: ninyi mlifundishwa na watu ambao mkoloni aliwaita wasaidizi maisha yao yote, wakati kazi waliijua. Msiwafanyie vijana hawa yaleyale. Anayejua, mwandikieni kwamba anajua.

Mzee wangu alikwisha kutuacha. Lakini hata leo, nikipita kando ya gari lililotoka garaji, mkono wangu unakwenda wenyewe juu ya mlango, na macho yanafumba.