BitLocker

BitLocker ni programu ya usimbaji fiche iliyomo ndani ya Windows, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kazi yake ni kusimba diski nzima, yaani kugeuza data zote zilizomo zisisomeke na mtu asiye na ufunguo. Kwa njia hiyo mafaili ya mwenye kompyuta hubaki siri hata kompyuta ikiibwa au ikipotea.

Umuhimu

Watumiaji wengi hudhani kwamba nywila ya kuingia kwenye kompyuta inatosha kulinda mafaili yao. Nywila hiyo huzuia kuingia katika Windows tu. Data zenyewe hukaa kwenye diski kama zilivyo. Mtu akiichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, anaweza kuzisoma bila kuulizwa nywila. Diski iliyosimbwa haisomeki kwa namna hiyo.

Historia

Windows 2000 ilikuwa na EFS, mfumo wa kusimba faili au folda mojamoja. BitLocker, inayosimba diski nzima, ilikuja pamoja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Mwaka 2009 Windows 7 iliongeza BitLocker To Go kwa ajili ya flashi na diski za nje.

BitLocker kamili hupatikana katika matoleo ya Windows kama Pro, Enterprise na Education. Toleo la Home lina usimbaji rahisi zaidi, kwenye kompyuta zenye vifaa vinavyofaa.

Jinsi inavyofanya kazi

BitLocker hutumia AES, kanuni ya usimbaji iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kufanywa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001. Data husimbwa zinapoandikwa kwenye diski na kusimbuliwa zinaposomwa, bila mtumiaji kufanya lolote.

Ufunguo unaosimba data hufungwa kwa ufunguo wa pili, nao wa pili hulindwa na TPM, yaani chipu ya usalama iliyomo katika kompyuta. Mtumiaji anaweza kuongeza namba ya siri inayoulizwa kabla ya Windows kuwaka. Kwa kuwa funguo ni mbili, namba hiyo inaweza kubadilishwa bila kusimba diski upya.

Ufunguo wa kurejesha

BitLocker inapowashwa hutengeneza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, zilizopangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Kompyuta huuomba pale TPM inapoona mabadiliko yasiyotarajiwa, kwa mfano baada ya fundi kubadilisha bodi kuu, au diski inapohamishiwa kwenye kompyuta nyingine.

Ufunguo huu unaweza kuhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft, kwenye flashi au kuchapishwa kwenye karatasi. Ukipotea, na hakuna njia nyingine ya kufungua diski, mafaili hayapatikani tena: fundi hawezi kuyafungua, na Microsoft haiwezi kutengeneza ufunguo mwingine. Jambo hili huwahusu hata wasiowahi kuwasha usimbaji wenyewe, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujisimba mtumiaji anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft. Ni vema kuhakikisha ufunguo upo kabla ya kupeleka kompyuta kwa fundi.

Mipaka

BitLocker hulinda zaidi kompyuta iliyozimwa. Ikiwa imewashwa na mtumiaji ameshaingia, mafaili husomeka kama kawaida, hata na virusi. Faili likitumwa kwa barua pepe au kunakiliwa kwenye flashi isiyosimbwa, hutoka bila ulinzi. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Princeton, walionyesha kwamba funguo zinaweza kubaki kwa muda mfupi katika kumbukumbu ya kompyuta baada ya umeme kukatwa.

Aidha, usimbaji si mbadala wa nakala rudufu. Diski ikiharibika, mafaili hupotea yakiwa yamesimbwa.

Mifumo inayofanana

Kompyuta za Apple zina FileVault, iliyoanza mwaka 2003 na kuanza kusimba diski nzima mwaka 2011. Katika Linux hutumika LUKS.