Kubadilisha almasi kwa kubwa zaidi: Mteja hupata nini?

SONARA anapomwahidi mteja kwamba anaweza kuirudisha almasi yake wakati wowote na kuchukua kubwa zaidi, huku bei yote aliyolipa ikihesabiwa, ahadi hiyo husikika kama akiba iliyowekwa benki. Nchini Marekani, ambako desturi hii imeenea katika biashara ya pete za uchumba, wapo wanaonunua jiwe ghali kuliko walivyokusudia kwa sababu hiyo tu. Lakini benki humrudishia mwenye akiba pesa zake. Sonara hatoi hata senti moja. Anachotoa ni jiwe jingine, na sharti lizidi lile la kwanza kwa bei.

Lizidi kwa kiasi gani? Hapo ndipo maduka hutofautiana. Yapo yanayoridhika mradi jiwe jipya limepita la zamani, hata kwa kiasi kidogo. Mengine hudai liwe na bei maradufu. Chukua mfano wa mtu aliyenunua almasi ya karati moja, yaani gramu 0.2, kwa dola 3,000. Chini ya sharti la maradufu, itambidi achague ya dola 6,000 au zaidi, kisha aongeze dola 3,000 kutoka mfukoni. Akiipenda ya dola 4,500, ahadi haimfai kitu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji huinyamazia. Tuseme jiwe linalolingana na lile la dola 6,000 linapatikana kwa mshindani kwa dola 5,000. Mteja wetu akibaki kwa sonara wake, ataongeza dola 3,000. Kwa hivyo almasi yake ya zamani imemfaa kwa dola 2,000, wala si 3,000 zilizoandikwa kwenye karatasi. Vyeti vya taasisi kama GIA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931, hurahisisha ulinganisho huo kwa kuwa hueleza uzito, rangi, usafi na mkato wa jiwe.

Hata hivyo, huenda bado akawa amefaidi. Akiipeleka almasi hiyo sokoni, mara nyingi hupewa chini ya nusu ya bei aliyoinunulia, maana wafanyabiashara hununua kwa bei ya jumla ilhali yeye alilipa ya rejareja, iliyobeba faida na gharama zote za duka.

Naye sonara ananufaika vipi? Mteja hujirudisha mwenyewe bila tangazo, na jiwe analoliacha huuzwa tena. Ikiwa bei zimeshuka, faida ya jiwe jipya husaidia kufidia hasara ya la zamani. Na bei hushuka kweli, hasa za almasi zinazotengenezwa maabarani. Kampuni ya De Beers ilipoanza kuziuza mwaka 2018 kwa jina la Lightbox, karati moja iligharimu dola 800. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba inaifunga biashara hiyo. Si ajabu basi kwamba yapo maduka yasiyozikubali almasi za aina hiyo katika mpango huu.

Masharti mengine hufichwa katika maandishi madogo. Dhahabu ya pete, kodi na gharama ya usafirishaji aghalabu hazihesabiwi. Jiwe lililomeguka ukingoni laweza kukataliwa, na mwenye kupoteza risiti au cheti atapata taabu kuthibitisha dai lake. Baadhi ya maduka humtaka mteja alete pete ikaguliwe kila baada ya miezi kadhaa. Akikosa ziara moja, haki yake hupotea. Ni vyema kuyauliza haya kabla ya kulipa, na kudai majibu yaandikwe kwenye risiti.

Risiti nayo hutegemea uhai wa duka. Mwaka 2008 Whitehall, kampuni ya masonara yenye makao Chicago, ilifilisika na maduka yake yakafungwa. Aliye na almasi ya duka lililofungwa hubaki na jiwe lake, ila hana tena mahali pa kulibadilisha.