Kuchipuka na Kuvamia: Msamiati wa Ukuaji wa Ghafla na Mti wa Kwamkoro

Kiswahili kilipokopa kutoka Kireno kilikopa zaidi majina ya vitu: meza, kasha, bendera, nanasi. Vitenzi vya ukuaji hakikuvihitaji. Mea na kua ni urithi wa Kibantu. Stawi na tamalaki vina asili ya Kiarabu. Athari ya Kiingereza katika uwanja huu imepita kwa njia ya tafsiri, nayo ni ngumu kuitambua kwa kuwa umbo la neno hubaki lilelile: idadi ya watu "hulipuka", bei "hupaa".

Mfano mzito zaidi uko Kwamkoro, Usambara Mashariki. Maesopsis eminii, mti wa asili ya misitu ya magharibi mwa Ziwa Viktoria, uliletwa Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Baadaye ulipandwa Kwamkoro katika maeneo yaliyovunwa magogo. Wanamisitu waliusifu kwa jambo moja: unakua haraka. Hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na miche ikachipuka kila palipoingia mwanga. Kufikia miaka ya 1980 sifa ileile ilikuwa imegeuka shtaka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 pamoja na msitu wa Kwamkoro, ilirithi mti ambao leo huitwa spishi vamizi.

Vamizi ni tafsiri. Kiingereza na Kireno vyote vilirithi kitenzi cha Kilatini kilichomaanisha kuingia ndani, kisha kikatumika vitani. Kiswahili kilichukua upande wa vita peke yake: anayevamia ni jeshi au jambazi, na ana nia. Chipuka, kama ibuka na fumuka, hueleza jambo linalojitokeza lenyewe, wala hakimtafuti adui. Tamalaki, ingawa sasa husikika zaidi katika ushairi, lingalieleza vyema kutwaa milki bila kuuzulia mti dhamira.

Suala hili halikomei kwenye istilahi. Sentensi "mti umevamia msitu" ina mtenda mmoja tu, na mtenda huyo ni mti. Misumeno iliyofungua dari ya msitu na mikono iliyootesha miche hazina nafasi katika sarufi yake. "Mti umechipuka palipokatwa" ni sentensi nyingine kabisa: kiambishi -w- katika palipokatwa hudai kwamba alikuwapo mkataji.